Mjonso: Mti Mchungu na Deni la Majina

Chanji ni kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mahali ambapo mtu wa visiwani akifika usiku hutambua mara moja kwamba shuka aliyoichukua haitoshi. Jina la mji wenyewe, kama wenyeji wanavyolifafanua, ni amri: sumba wanga, yaani tupa uchawi. Mgeni anayeingia huambiwa auache uchawi wake njiani. Mimi nilipofika huko kwa mara ya kwanza, katika msimu wa mvua wa mwaka 2008, sikuwa na uchawi wa kuuacha. Lakini nilikuwa nimebeba kosa, na kosa hilo lilikuwa limetangulia kufika kabla yangu.

Miaka miwili nyuma nilipewa kazi ya kufasiri kijitabu cha wakulima wadogo kutoka Kiingereza. Mimi si mtu wa vyuo. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi iliyokatika jalada na magazeti ya kufungia bidhaa, na tafsiri ndiyo iliyonipatia mkate pale ambapo ushairi ulinipatia salamu tu. Ndani ya kijitabu hicho mlikuwa na orodha ya mimea inayopaswa kung'olewa shambani, na mmoja wao uliandikwa kwa jina la kitaalamu, Vernonia amygdalina. Kamusi nilizokuwa nazo mezani hazikunisaidia, na siku ya kukabidhi kazi ilikuwa imewadia. Nikaandika: gugu chungu. Nikalipwa, kijitabu kikachapishwa, nami nikasahau.

Mwenyeji wangu wa Chanji alikuwa mwalimu. Nyumba yake ilizungukwa na ua wa vijiti vilivyopita kimo cha mtu, vyenye vishada vya maua meupe na nyuki wengi. Humo ndani alikuwamo mama mkwe wake, bibi wa makamo ya juu sana, Mtongwe wa pwani ya Ziwa Tanganyika, ambaye ndoa ilimleta kwa Wafipa. Jioni moja mjukuu wake alikuwa akimsomea kwa sauti kijitabu kilichokuwa juu ya kabati. Kilikuwa ni kile changu. Mtoto alipofika kwenye ile orodha, bibi akaitazama picha, kisha akatazama nje kwenye ua.

"Nani huyo aliyeuita mjonso gugu?"

Mtoto akageuza jalada mbele na nyuma. "Hawakuandika jina, bibi."

"Ndiyo maana," akasema bibi, na mazungumzo yakahamia kwingine.

Nilikaa kimya. Makala haya, msomaji, ni kimya hicho nilichokibeba kwa miaka mingi, nami nataka kukilipa kwa kueleza kwa utaratibu mti huo ni mti gani, umeitwa nini na nani, na kwa nini jambo la jina si dogo.

Mti wenyewe

Mjonso, kwa Kitongwe, ni kijiti kinachokua hadi mita mbili au tano, na kikiachwa bila kukatwa huweza kuwa mti kamili. Hauvui majani yake yote kwa pamoja. Kiangazi kinapoikausha nyasi ya uwanda ikawa rangi ya kimanjano, wenyewe bado u kijani. Hupandwa kwa vipandikizi: tawi hukatwa, hukitwa ardhini, na mvua humaliza kazi. Ndiyo sababu watu wengi wa maziwa makuu huutumia kuwa ua wa nyumba au mpaka wa shamba.

Anayeutazama hawezi kudhani kwamba mti huu ni wa ukoo mmoja na alizeti, zao ambalo mkoa wa Rukwa unalilima kwa wingi. Lakini wajuzi wa mimea wameziweka pamoja kwa sababu ya haki. Lile tunaloliita ua la alizeti, kwa hakika ni mkusanyiko wa mamia ya maua madogo yaliyokaa katika sahani moja. Kila kijichwa cheupe cha mjonso ni mkusanyiko wa namna hiyo hiyo, mdogo kuliko ukucha. Ni kijiji kinachodhaniwa kuwa nyumba moja.

Uchungu wake ndio uliouvumisha. Sisi wa pwani tukitaka kutaja uchungu husema shubiri, na tukitaka kutaja mti wa dawa husema mwarobaini, ambao asili yake ni Bara Hindi na ambao tuliupa jina kwa hesabu ya maradhi arobaini. Watu wa bara walikuwa na wao kabla ya mwarobaini kushuka jahazini. Waganda huuita mululuza, Wahaya na Wanyankole, mubilizi, Warundi na Wanyarwanda, umubirizi, Waethiopia, girawa. Ng'ambo ya bara, Wahausa huuita shuwaka, Wayoruba huuita ewuro, na Waigbo huuita onugbu. Na huko Nigeria majani yake huoshwa na kukamuliwa mpaka uchungu upungue, kisha hupikwa mchuzi wa kupokelea wageni. Hata Kiswahili hakikunyimwa: sehemu kadhaa za bara huuita mtugutu au mtukutu, na hilo la pili ndilo tunalomwitia mtoto asiyetulia. Kumbe jina lilikuwapo. Lilikuwa barabarani na masokoni, nami nilikuwa nalitafuta kabatini.

Jina la Mwingereza na mzigo wa jeshi

Hilo jina nililolikuta katika kijitabu lilitoka wapi? Mwishoni mwa karne ya 17 alikuwapo Mwingereza William Vernon, msomi wa Cambridge, aliyevuka bahari mnamo mwaka 1698 kwenda Maryland, katika Marekani ya leo, kukusanya mimea. Mwaka 1791 Mjerumani Schreber alilipa kundi zima la mimea jina la Vernonia kwa kumkumbuka Vernon, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufa zamani.

Mti wetu uliingia katika kundi hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1820 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipeleka jeshi Sudan chini ya mwanawe Ismail. Nia yake ilikuwa dhahabu na watumwa wa kujazia majeshi yake. Pamoja na jeshi hilo alikwenda Mfaransa Frédéric Cailliaud, mtu wa Nantes aliyejifunza kazi ya vito, aliyekuwa akitafuta magofu ya kale ya Meroe. Mimea aliyorudi nayo ilikabidhiwa kwa Delile, mtaalamu ambaye ujanani mwake alikuwa amefuatana na Napoleon kwenda Misri. Mwaka 1826 Delile alichapa maelezo ya mimea hiyo, na mmojawapo akauita Vernonia amygdalina, Vernonia wenye majani mfano wa mlozi.

Hivyo basi, mti ambao mamilioni ya Waafrika walikuwa wakiujua uliingia vitabuni ukiwa ndani ya mzigo wa msafara wa jeshi la kuteka watu, ukapewa jina la mtu ambaye hakupata kuuona, na sifa ya tunda ambalo si lake. Silisemi hili kwa kuwalaumu Delile na Schreber. Walifanya kazi yao kwa kanuni zao, na kanuni hizo zina faida kubwa: mtafiti wa Kyoto, wa Ibadan na wa Kampala wakitaja jina moja, wote wanajua wanazungumzia mti mmoja. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba jina la kitaalamu, ambalo mimi nililiogopa kama aya, ni jina lililotungwa na watu kwa sababu zao. Wala si la milele. Mwaka 1999 Mmarekani Harold Robinson aliupanga upya ukoo huu, na leo wataalamu wengi huuita mti huu Gymnanthemum amygdalinum. Neno hilo la kwanza ni la Kiyunani, na maana yake ni ua lililo uchi. Vernon amekwisha kuondolewa mlangoni. Mjonso bado ni mjonso.

Njia ya ziwani

Bibi wa Chanji alipozungumza juu ya kwao, alinyoosha mkono kuelekea machweo, kwa sababu uwanda wa Ufipa huishia huko kwa mteremko mkali mpaka kwenye maji. Ukishuka, unafika Kirando na Kipili. Wakati huo meli ya Liemba ilikuwa bado ikipita: chombo kilichoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kikainuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Jina lake ndilo ambalo Livingstone aliwasikia wenyeji wa kusini wakiliitia ziwa mwaka 1867.

Kaskazini kidogo ya Kirando na Kipili ipo Karema, na hapo sipiti bila ya kumtaja Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 upande wa Timbuktu, akatekwa utotoni, akakombolewa na mapadri wa White Fathers, akasomeshwa utabibu kisiwani Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa mwambao ule mpaka alipofariki mwaka 1956, na mjini Sumbawanga hospitali ya Kanisa Katoliki hubeba jina lake. Mtoto aliyeuzwa kama mzigo, jina lake limeandikwa juu ya mlango wanaouingilia wagonjwa. Namtaja ili isidhaniwe kwamba ardhi hii haina desturi ya kuwakumbuka waganguzi wake. Desturi iko, tatizo ni kwamba imewafikia wachache.

Ukizidi kwenda kaskazini unaiona milima ya Mahale ikiinuka moja kwa moja kutoka majini, na kilele chake, Nkungwe, kinapita mita 2,400. Hiyo ndiyo nchi ya Watongwe. Mwaka 1965 Mjapani Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwachunguza sokwe wa Kasoge, chini ya milima hiyo. Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji, Watongwe wa Kasoge waliondolewa. Na mwaka 1985 eneo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Msitu ukabaki na sokwe na watafiti wao. Waliokuwa wakijua kila mti kwa jina walikuwa wamehamia nje ya mpaka, na miongoni mwa familia zilizohama ilikuwamo ya bibi yetu wa Chanji.

Kasoge, Novemba 1987

Katika mwezi wa Novemba 1987 watu wawili walikuwa wakimfuata sokwe jike katika msitu wa Kasoge. Mmoja alikuwa Mmarekani Michael Huffman, mtafiti wa Kyoto. Wa pili alikuwa Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, afisa wa wanyamapori na mganga wa miti shamba kwa urithi wa wazee wake. Sokwe huyo aliitwa Chausiku, jina ambalo msomaji wa visiwani hahitaji kufasiriwa: ni la binti aliyezaliwa usiku.

Chausiku alikuwa mgonjwa. Alikuwa amelegea, hali chakula, analala mchana wakati wenzake wanakula. Kisha akauendea mti mmoja, akavunja tawi changa, akaondoa majani yake, akalibandua gome kwa meno, na akaanza kukitafuna kiini laini cha ndani, akifyonza maji yake na kuyatema makapi. Huffman aliuliza ni mti gani. Kalunde akamjibu kuwa ni mjonso, na kwamba kwa Watongwe ni dawa kali ya homa na ya maradhi ya tumbo. Huffman akashangaa: ikiwa ni dawa kali, na si chakula cha kila siku cha sokwe, basi mgonjwa huyu anafanya nini? Siku iliyofuata walimkuta Chausiku amepata nguvu na anakula kwa hamu.

Tukio moja si ushahidi wa kutosha, na wenyewe walilijua hilo. Mwaka 1991 likaonekana tukio la pili, sokwe jike mwingine, na safari hii kinyesi chake kilipimwa kabla na baada. Mayai ya minyoo ya utumbo yalikuwa 130 kwa kila gramu. Saa 20 baadaye yalikuwa 15. Wanakemia wa Kyoto, Koshimizu, Ohigashi na wenzao, waliuchambua mti huo wakakuta ndani yake viini vichungu vyenye nguvu dhidi ya vijidudu. Wakakuta pia kwamba kimojawapo, kiitwacho vernodalini, kimejaa zaidi katika majani na gome, na kwa wingi huo ni sumu. Ndipo ile kazi ya Chausiku ya kubandua gome na kutupa majani ikapata maana yake. Alichukua sehemu inayotibu na akaiacha inayodhuru. Kipimo alichokitafuna kilikaribiana na kipimo ambacho Watongwe humpa mgonjwa, na muda wa kupona vilevile.

Kwa Kalunde jambo hili halikuwa geni sana. Katika ukoo wao ilikuwapo hadithi ya babu yake, Babu Kalunde, aliyemlea mtoto wa nungunungu aliyebaki yatima. Mtoto huyo akaugua tumbo, akaenda msituni akachimbua mizizi ya mti uitwao mulengelele, akaila, akapona. Watu wa kijiji waliuona mti huo kuwa sumu. Lakini kulikuwa na maradhi ya kuhara yaliyokuwa yakiwaua, na Babu Kalunde akaula kwanza yeye mwenyewe mbele yao, kisha akawapa wagonjwa. Watongwe wakaendelea kuutumia tangu hapo. Kwa hiyo Kalunde alipomwona Chausiku anafyonza mjonso, alikuwa na jicho lililokwisha kufundishwa kutazama. Bila ya jicho hilo, Mmarekani angeandika daftarini kwamba sokwe alikula kijiti, na ukurasa ungefungwa.

Majina mawili ya mtu mmoja

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mtu wa tafsiri haliachi lipite. Mwaka 1989 makala ya tukio la Chausiku yalichapishwa katika jarida la Primates, na waandishi wake walikuwa wawili: Huffman na Seifu. Hilo ni jambo la heshima. Watafiti wangapi wamechukua elimu kutoka kwa wenyeji na wakamaliza kwa kuwashukuru “wasaidizi wetu wa kijijini” katika mstari wa mwisho? Huffman alimweka mwenzake katika mahali pa mwandishi, na katika maandishi yake ya baadaye hakuchoka kumtaja yeye na wazee wake.

Lakini mwaka 1993 makala ya tukio la pili yalipotoka, mtu yuleyule aliandikwa Kalunde. Kwetu hakuna ajabu: Mohamedi ni jina lake, Seifu na Kalunde ni majina ya kumtambulisha kwa wazee wake, na ukimwita kwa lolote ataitika. Katika orodha za maktaba, ambazo humpanga mtu kwa jina lake la mwisho, imekuwa ni watu wawili. Anayemtafuta Seifu anakuta kazi moja, na anayemtafuta Kalunde anakuta nyingine. Hata pale heshima ilipotolewa kwa moyo safi, chombo cha kuibebea hakikuumbwa kwa majina yetu.

Ni haki pia kusema kwamba Wajapani hao waliyaheshimu majina ya miti. Mwaka 1981 Nishida na Uehara walichapa orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe, na Makoto Kakeya alikuwa amekwisha kuishi na Watongwe na kuandika juu ya maisha na uganga wao. Orodha hiyo ilichapwa Kyoto. Nilipoisikia habari yake niliona haya, kwani mimi, mfasiri wa Kiswahili, niliyekuwa nchi moja na wenye mti, niliandika gugu chungu, na mtu wa Kyoto alikuwa ameuliza na kuandika jina lake robo karne kabla yangu.

Binamu kutoka China

Huenda msomaji akasema: kijiti ni kijiti, jina litaongeza nini? Nitajibu kwa habari ya mmea mwingine wa ukoo huuhuu wa alizeti.

Katika karne ya 4 aliishi China mwandishi aitwaye Ge Hong, aliyekusanya kitabu cha tiba za dharura. Kwa homa za vipindi aliandika kwamba uchukuliwe mkono mmoja wa mmea uitwao qinghao, ulowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hayo tu. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, mradi ulioitwa 523 kwa tarehe ya kuanza kwake, 23 Mei 1967. Bibi Tu Youyou na wenzake walijaribu mamia ya mitishamba. Qinghao iliwapa tumaini na kuwavunja moyo, mpaka aliporudi kwenye maneno ya Ge Hong akaona kitu kimoja: mwandishi hakusema ichemshwe. Akatambua kwamba huenda moto ndio unaoiharibu dawa, akaitoa kwa njia isiyo ya moto mkali, na mwaka 1971 dawa ikapatikana. Ndiyo iliyozaa dawa mseto. Zanzibar tuliianza mwaka 2003, na Tanzania Bara ikafuata kwa dawa ya ALu mwaka 2006. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel.

Sidai kwamba mjonso ni qinghao nyingine. Mwaka 2009 Sylvia Challand na Merlin Willcox walichapa matokeo ya kuwapa wagonjwa wa malaria wa Uganda maji ya majani ya mti huu chini ya uangalizi. Hadi siku ya 14 asilimia 67 walikuwa wamepata nafuu. Lakini vimelea vilikuwa vimetoweka kabisa katika damu ya thuluthi moja hivi tu ya hao, na kwa wengi wao vilirudi. Ina maana kwamba bibi zetu hawakusema uongo, na kwamba mtoto mwenye homa apelekwe hospitali. Kauli zote mbili ni za kweli, na moja haimtukani mwenye nyingine.

Ninachodai ni hiki. Wagonjwa wa malaria wa leo wanakunywa matunda ya sentensi moja iliyoandikwa na mtu mwenye jina, kwa usahihi kiasi kwamba hata kutotaja moto kulikuwa na maana. Maneno ya Ge Hong yangepotea, au yangefasiriwa na mtu mvivu akaandika “majani fulani machungu”, Tu Youyou angerudi kusoma nini? Kila mwaka katika Ufipa, Utongwe, Unguja na Pemba anakufa mtu aliyejua loweka na asiyesema chemsha. Hatujui ni sentensi ipi kati ya hizo ambayo mtu wa karne ijayo atairudia.

Nilichoambiwa uani

Asubuhi ya siku niliyoondoka Chanji nilimfuata bibi uani nikamwambia kwamba yule asiyeandika jina lake ni mimi. Alinitazama kitambo. Nilitarajia anikemee, na pengine nilitaka anikemee.

"Mwanangu," akasema, "ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu, bibi."

"Basi sasa umeuliza."

Akanionyesha tawi la kuvunja na la kuacha, akanieleza anachokijua, nami nikaandika, kila neno kwa lilivyosemwa. Nilipomwomba ruhusa ya kuweka jina lake nitakapoyachapa, akatikisa kichwa. Jina lake wanalijua wanawe, alisema. Nilirudishe la mti. Nilimwandikia aliyenipa kazi ile kuhusu kosa langu. Kijitabu hakikuchapwa tena, na nakala zilizokwisha kutoka haziwezi kukusanywa. Bibi ametangulia mbele ya haki. Nimeitii kauli yake, ingawa inaniuma kuandika makala ya kudai majina ya wajuzi na kuliacha la mjuzi wangu mwenyewe. Lakini nimejifunza kwamba kumheshimu mwenye elimu huanza kwa kumuuliza, na hukamilika kwa kulikubali jibu lake.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti mbili. Kwanza, sitafasiri mti, samaki wala ndege kabla ya kumpata mtu anayeishi naye na kumuuliza anamwitaje. Pili, kila kazi yangu ya tafsiri hubeba jina langu, ili mtoto akigeuza jalada amwone wa kumlaumu.

Namalizia kwa beti mbili nilizozitunga garini siku ile, wakati Sumbawanga inapotelea nyuma yetu:

Mti mchungu wa ua, majani yake si tamu,
Bibi aliyeujua, hakuishika kalamu,
Jina tukalichukua, mgeni kumkirimu,
Mjuzi kumtambua, ni deni la binadamu.

Sokwe aliyeugua, hakukosa ufahamu,
Gome akalibandua, akaacha lenye sumu,
Nasi tunaoujua, tusiifiche elimu,
Mjuzi kumtambua, ni deni la binadamu.